Mnara wa Salisbury umekaa juu ya changarawe

Msingi wa kanisa kuu la Salisbury, kusini mwa Uingereza, una kina cha kama mita 1.2 tu. Juu yake kuna mnara wenye ncha ya mawe inayofika mita 123, na hakuna kanisa jingine nchini humo lenye mnara mrefu kuliko huo. Makanisa ya kale ya Kiingereza napenda kuyaeleza kuanzia hapa chini, kabla ya vioo vya rangi na sanamu, kwa sababu mengi yanayomshangaza mgeni akiinua macho yameletwa na uzito na ardhi.

Kanisa la awali lilikuwa Old Sarum, juu ya kilima chenye upepo mkali na shida ya maji, tena ndani ya ngome ambayo askari wake hawakuelewana na makasisi. Askofu Richard Poore alilihamishia bondeni, na ujenzi ukaanza tarehe 28 Aprili 1220. Huko bondeni maji ya ardhini yako karibu mno. Ukichimba sana, shimo linajaa. Waashi wakaishia kwenye tabaka la changarawe iliyoshikana na kuanza kujenga. Walichagua vizuri, kwani changarawe haivimbi ikilowa wala haisinyai ikikauka, tofauti na udongo wa mfinyanzi. Hadi leo kuna jiwe la sakafuni linaloinuliwa, fimbo ikatumbukizwa kupima maji yamefika wapi.

Kanisa liliwekwa wakfu mwaka 1258. Miaka 38 ni michache sana kwa kazi ya aina hiyo, ndiyo maana Salisbury ina sura moja kuanzia mlango wa magharibi hadi mashariki, wakati makanisa makuu mengine yamebeba mitindo ya karne tatu au nne.

Tatizo lilikuja karne ya 14, pale mnara mrefu na ncha yake vilipoongezwa. Tani zipatazo 6,500 ziliwekwa juu ya nguzo nne ambazo hazikukusudiwa kubeba mzigo huo. Nguzo zikapinda. Simama kwenye makutano, pale ukumbi mkuu unapokatana na mbawa za kanisa, kisha fuata kwa jicho vinguzo vyembamba vyeusi kutoka chini hadi juu: utauona upindaji bila timazi. (Vinguzo hivyo huitwa marumaru ya Purbeck, ila kwa kweli ni jiwe la chokaa lililojaa magamba ya konokono wa maji baridi, gumu kiasi cha kukubali kung'arishwa.) Msanifu majengo Christopher Wren alipolikagua jengo mwaka 1668 alikuta ncha imeinama; leo imeegemea kusini-magharibi kwa takriban sentimita 70.

Kwa nini nguzo ipinde na si kudidimia tu? Kwa sababu tao halishushi mzigo wima peke yake, linasukuma pia kwa pembeni. Kadiri unavyorundika uzito juu, ndivyo msukumo huo unavyokua, na nguzo isiyo na cha kuizuia ubavuni inatoka nje taratibu. Mafundi walilijua hilo. Ukuta wa ncha wameuanza na unene wa kama sentimita 60, kisha wakaupunguza hadi kama 20. Mnara wameufunga kwa mikanda ya chuma, ambayo vizazi vya baadaye viliiongezea mingine. Kwenye mbawa wameingiza matao ya kukinga, na nje wameweka viegemeo. Jukwaa lao la mbao bado limo ndani ya ncha.

Kanisa kuu la Wells lilipatwa na ugonjwa huohuo. Mnara wake uliongezwa kimo kati ya 1315 na 1322, nyufa zikaonekana, na kati ya 1338 na 1348 fundi William Joy akaweka matao makubwa yaliyopinduliwa juu ya mengine, kama mkasi uliofunguliwa. Wageni hudhani ni pambo. Yapo pande tatu tu, kwani upande wa mashariki una ukuta wa kwaya unaosaidia kubana nguzo.

Kanisa kuu la Ely halikupata nafasi ya kutibu: mnara wake wa kati ulianguka Februari 1322. Mtawa Alan wa Walsingham aliamua kutozirudisha nguzo nne. Alizitoa kabisa, akapanua nafasi kuwa pembe nane zenye upana wa zaidi ya mita 20, na uzito ukagawanywa kwa nguzo nane. Kuezeka upana huo kwa mawe kungerudisha hatari ileile, hivyo seremala William Hurley akajenga juu yake mnara mwepesi wa mbao za mwaloni wenye madirisha, uitwao "taa", uliofunikwa madini ya risasi. Kwangu mimi, hakuna kazi ya seremala wa zama hizo inayoifikia.

Mbao nazo zina kisirani chao. Ncha ya kanisa la parokia la Chesterfield, inayofika mita 69 kutoka ardhini, imejisokota kwa nyuzi 45 na kuinama karibu mita 2.9. Kujenga kwa mwaloni mbichi kulikuwa kawaida, kwa kuwa mti huo ukikauka unashinda patasi. Kosa kubwa ni uhaba wa mbao za mshazari za kufunga kenchi. Juu yake kuna tani 33 za risasi, na jua linapasha zaidi upande wa kusini.

Majengo haya yamepinda bila kuvunjika kwa msaada wa chokaa iliyo kati ya mawe, laini kuliko mawe yenyewe. Makanisa mengi ya parokia yalizibwa viungo kwa saruji karne iliyopita, na hapo ndipo uharibifu ulipoanza: maji hayawezi tena kutokea kwenye kiungo, yanapitia kwenye jiwe, barafu inalimenya. Utaitambua kazi hiyo kwa mistari ya kijivu iliyojitokeza huku jiwe limeliwa ndani. Saruji hutolewa kwa patasi ya mkono, kwani msumeno wa mashine hukata kingo za mawe. Kisha kiungo hulowanishwa, hujazwa chokaa, na kufunikwa magunia yenye unyevu kwa siku kadhaa. Msimu wa baridi kali kazi hiyo haifanywi.