Rasimu ya Kwanza ni Nini?

Rasimu ya kwanza ni hadithi nzima, tangu mwanzo hadi mwisho, kama ilivyomtoka mwandishi kabla hajairudia. Neno lenye uzito hapo ni "nzima". Sura tatu zilizosuguliwa mwaka mzima zikang'aa bado ni sura tatu tu. Lakini kurasa mia mbili zenye mashimo, majina yanayobadilika njiani na mhusika aliyekufa kisha akaonekana tena bila maelezo, maadamu zimefika mwisho, hiyo ni rasimu.

Wengi huichanganya na mswada. Mswada ndio kazi inayopelekwa kwa mchapishaji, na kwa kawaida huwa umeshapitia rasimu kadhaa. Mchanganyo huu unaumiza. Mtu anaandika aya moja, anaisoma kwa jicho la mhariri, anaona haya, anaifuta. Kesho anaianza upya aya ileile. Nimeona watu wenye vipaji wakikwama hapo kwa miaka, na hunisikitisha, kwa sababu walichokosa si ufundi. Walidai rasimu iwe kitu ambacho haikukusudiwa kuwa.

Mwandishi Mmarekani Anne Lamott, katika kitabu chake cha mwaka 1994 kuhusu uandishi, ana sura nzima inayotetea rasimu mbovu. Stephen King naye anashauri rasimu ya kwanza iandikwe mlango ukiwa umefungwa, ya pili ukiwa wazi. Mlango ukifungwa, humsomei mtu wala huombi maoni. Unajisimulia mwenyewe hadithi ili uijue.

Maana mara nyingi huijui. Unaanza kisa cha wizi ukiamini mwizi ni mtumishi. Ukifika ukurasa wa arobaini unagundua ni dada wa mwenye nyumba. Usirudi nyuma kurekebisha. Andika pembeni, "dada aonekane mapema", kisha endelea kana kwamba ameonekana. Kwangu hii ndiyo faida kubwa kuliko zote: rasimu hukuonyesha hadithi uliyo nayo kweli, ambayo huenda siyo uliyoipanga. Mwandishi wa Nigeria Chinua Achebe aliandika rasimu iliyobeba vizazi kadhaa vya familia moja. Alipoitazama upya akaona imebeba mno, akabakiza kisa cha Okonkwo, mhusika mkuu wa riwaya yake Things Fall Apart, kilichochapishwa mwaka 1958. Kisa cha mjukuu wa Okonkwo kikawa riwaya nyingine, iliyotoka mwaka 1960. Mkato huo usingewezekana kama hakukuwa na kitu cha kukatwa.

Si kila mwandishi hufanya kazi hivi. Mwandishi Mwingereza Zadie Smith, katika mhadhara wake wa mwaka 2008 kwenye Chuo Kikuu cha Columbia, aliwaeleza waandishi wa aina yake kuwa hujenga nyumba ghorofa kwa ghorofa: ya chini lazima ikamilike, na samani zake zote ndani, ndipo ya juu ianze. Njia hiyo ni halali kabisa. Ila anayeifuata husonga mbele. Kama umeandika ukurasa wa kwanza mara thelathini na wa pili haupo, hujengi kwa ghorofa.

Ukishafika mwisho, hata kama mwisho wenyewe hauridhishi, iweke rasimu kando. Mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway alisema aliandika upya ukurasa wa mwisho wa riwaya moja mara 39, kwa hiyo mwisho unaoyumba usikuzuie kusema umemaliza. King anapendekeza droo kwa wiki sita angalau, huku ukiandika kitu kingine. Ukiitoa utaisoma kama kazi ya mtu mwingine: utakutana na sentensi usizokumbuka kuziandika, utaona aya iliyokutoa jasho haina kazi, na utagundua hadithi inaanzia ukurasa wa tano. Hapo ndipo unashika kalamu, na rasimu ya pili inaanza.