Kabla Hujafunga Tairi Kubwa: Dhana Potofu Ninazozisikia Karakanani Nakuru

Mwanzo wa Juni, mashindano ya magari porini ya Rhino Charge yakishapita, simu za wateja wangu hujaa picha. Mtu anaingia karakanani hapa Nakuru, ananionyesha gari lililoinuliwa, magurudumu yanamfika dereva kiunoni, halafu ananiambia, "Fundi, nataka kama hili." Namwelewa. Barabara ya kwao Olenguruone ikinyeshewa wiki mbili mfululizo si barabara tena. Lakini gari lile la kwenye picha limejengwa kwa shughuli ya siku moja: saa kumi, vituo 13, na mshindi ni yule anayevifikia vyote kwa umbali mfupi zaidi, hata kama njia yake ni korongo. Gari lako litapeleka watoto shule kesho asubuhi, Jumamosi libebe viazi, Desemba lishuke Kisumu na familia nzima ndani.

Nimetumia miaka mingi chini ya magari haya, na jambo moja nimeliona tena na tena: tairi kubwa haifungwi peke yake. Ukiibadilisha umegusa gia, breki, usukani, springi na hata jeki. Anayelijua hilo mapema hupanga pesa zake vizuri. Asiyelijua humaliza akiba yote kwenye tairi, na gari linabaki na kazi nusu.

"Nikiinua springi, gari halitagusa chini tena"

Hii ndiyo naisikia kuliko zote. Springi ndefu huinua chasisi na bodi. Difu ya nyuma, lile bonge la gia lililo katikati ya magurudumu, haipandi hata milimita moja, kwa sababu iko kwenye ekseli, na ekseli imekaa juu ya magurudumu. Jiwe lililokuwa likiigonga difu kwenye njia za Eburru litaigonga vile vile. Kinachoipandisha ekseli ni tairi.

Tupige hesabu. Prado nyingi za mwisho wa miaka ya 1990 zilivaa tairi ya 265/70R16. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kikiwa asilimia ya huo upana, na 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ukijumlisha, kipenyo cha tairi nzima ni karibu milimita 777. Ile inayotamaniwa na wengi, 285/75R16, ina 834. Tofauti ni milimita 57, lakini ekseli inapanda nusu yake tu, yaani 28, maana nusu nyingine imeenda juu ya ekseli. Milimita 28 hazifiki upana wa vidole viwili. Kwa njia fulani hizo zinatosha kabisa. Ila mtu azijue kabla ya kutoa pesa.

Sisemi springi hazina kazi. Zinaipa tairi nafasi ya kuzunguka bila kusugua madigadi, na zinasaidia pua ya gari isigonge ukingo unapopanda. Lakini kila inchi ina deni lake. Kwenye Land Cruiser za mfululizo wa 70 zenye koili mbele, ukiinua gari ekseli inajizungusha kidogo, na ile pembe inayoufanya usukani urudi wenyewe baada ya kona inapungua. Dereva anaona gari linatangatanga kwenye lami, analaumu tairi, kumbe zinahitajika bushi za kurekebisha pembe hiyo. Mipira ya breki nayo huvutika ekseli inaposhuka kwenye shimo. Kwenye Prado, jointi za ekseli za mbele hufanya kazi zikiwa zimepinda zaidi, na mipira inayozifunika hupasuka mapema. Mimi huwashauri wateja wasizidi inchi mbili.

"Tairi pana haizami"

Inategemea ni tope gani, na huku kwetu tuna tope la kila namna.

Ukielekea Mau Narok, Molo au Olenguruone, mara nyingi mvua imelainisha tabaka la juu tu na chini yake kuna ardhi ngumu. Hapo tairi nyembamba iliyo ndefu hukata ule utelezi na kushika chini. Tairi pana inaelea juu yake na kukupeleka mtaroni taratibu, huku umeshika usukani usio na kazi. Ndiyo sababu Land Cruiser nyingi za kazi bado zinatembea na 7.50R16, tairi nyembamba kabisa. Vijana wakiiona wanaiita ya kizamani. Mimi naiheshimu sana.

Ukishuka nyanda za Kano, kule Ahero na Nyando, mambo ni tofauti. Udongo mweusi wa kule unanata, unajaza nafasi zote kati ya meno ya tairi mpaka tairi yenye meno makali inakuwa laini kama chungu. Tairi ya tope, yenye meno yaliyoachana, hujisafisha inapozunguka, na hapo inalipa bei yake. Udongo huo ukishalowa hadi chini, hakuna tairi ya dukani itakayokusaidia. Acha gari kwenye lami, usubiri jua.

Upana unasaidia kweli kwenye vumbi laini la volkano, kama lile la Kedong ambalo madereva wa Safari Rally huliita fesh-fesh. Tangu mashindano hayo yarudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, sote tumeona magari yakizama humo hadi tumboni.

Hata hivyo, kabla ya upana kuna upepo. Eneo la tairi linalogusa ardhi hutokana hasa na uzito ulio juu yake na presha iliyo ndani. Chukua gari la kilo 2,400, kila gurudumu limebeba kama 600. Ukiwa na PSI 36, eneo la mguso ni karibu sentimita za mraba 240. Ukishusha hadi 18, linakaribia mara mbili, na mguso unarefuka mbele na nyuma kama mnyororo wa tingatinga. Hujanunua tairi, hujainua chochote. Umetumia geji na kompresa ndogo tu. Kila anayekuja kuulizia tairi kubwa namwomba kwanza akajaribu hivyo kwenye njia yake mwenyewe kwa msimu mmoja wa mvua. Baadhi yao hawakurudi kununua tairi, na nilifurahi kwa ajili yao.

Kuna masharti mawili, na nayasisitiza kwa sababu yanaua watu. Ukiwa na upepo mdogo usipite kilomita 40 kwa saa, na ujaze kabla ya kurudi kwenye lami. Tairi laini hupindapinda, hupata joto, na joto ndilo huipasua. Tena usishushe upepo sana kwenye mawe ya Menengai au Eburru, kwani ubavu hutokeza nje na kukatwa. Yale mawe meusi ya kioo yanayopatikana bonde hili ndiyo watu wa kale wa Kariandusi, pale karibu na Gilgil, waliyachonga kuwa shoka za mkono. Chombo kilichofaa kuchinjia mnyama hakishindwi na mpira. Kwa njia kama hizo ninaangalia unene na tabaka za ubavu kabla sijaangalia meno.

"Injini itazunguka polepole, nitaokoa mafuta"

Ni kweli itazunguka polepole. Tairi ya 285/75R16 kwenye ile Prado inakwenda mbali zaidi kwa karibu asilimia 7 kila inapozunguka. Ni kama mtu amekuja usiku akabadilisha gia zako zote. Difu yenye uwiano wa gia wa 4.10 sasa inafanya kazi kama ya 3.82.

Panda nayo kutoka Nakuru kwenda Eldoret. Mji wetu uko kama mita 1,850 juu ya bahari, Timboroa ni zaidi ya 2,700. Injini isiyo na tabo, kama 1HZ ya lita 4.2 iliyo kwenye Land Cruiser nyingi za mashambani, hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kila unapopanda mita 1,000. Ukifika Timboroa imebakiwa na robo tatu tu ya nguvu zake, na wewe umeiongezea magurudumu marefu, mazito, yenye meno yanayokokota. Gia ya tano haitavuta. Utashuka ya nne, kisha ya tatu, na mafuta uliyotarajia kuokoa yatakwisha njiani. Kwenye mawe ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu hata gia ndogo ya fo-wili, ile ya magurudumu yote manne kusukuma, imekuwa na haraka, unalazimika kukanyaga klachi, na klachi inaungua.

Dawa yake ni kubadilisha gia za difu. Kwa hesabu ile, 4.10 inapaswa kupanda hadi karibu 4.40 ili gari lirudi lilivyokuwa. Na ni lazima ubadilishe difu zote mbili, ya mbele na ya nyuma, kwa uwiano ule ule. Zikitofautiana, siku utakayoingiza fo-wili zitavutana hadi kitu kivunjike. Ni kazi ya gharama na inataka fundi mvumilivu wa vipimo. Kama huna bajeti yake, chagua tairi ndogo kidogo. 235/85R16 ina kipenyo cha milimita 806, inapandisha ekseli kama 14, na inabadilisha gia kwa chini ya asilimia 4 tu. Gari linaivumilia bila kuguswa difu. Mimi ningekuwa na Prado ya kwenda Molo, ningefunga hiyo.

Spidomita nayo itakudanganya. Kwenye 285, ikikuonyesha 80 unakwenda 86, ikikuonyesha 110 unakwenda 118. Kilomita pia zinahesabiwa pungufu, kwa hiyo anayepima mafuta kwa kilomita za dashibodi aongeze asilimia 7 kwenye umbali kabla ya kusema gari linakula.

"Breki zangu ni nzuri, hazihusiani na tairi"

Hapa naomba unisikilize kuliko mahali pengine popote. Breki hushika karibu na kitovu cha gurudumu, na nguvu hiyo inafika barabarani ikiwa imepungua kadiri tairi ilivyorefuka. Kwa mguu ule ule kwenye pedali, ile 285 inakupa nguvu pungufu kwa karibu asilimia 7. Juu yake weka uzito, kwani tairi ya aina hiyo inaweza kuzidi ya zamani kwa kilo saba au nane kila moja, na uzito unaozunguka ni mgumu kuusimamisha kuliko uliolala ndani ya buti. Halafu injini nayo inazuia kidogo kuliko zamani, kwa sababu ile ile ya gia.

Ukiwa mjini huenda usione tofauti. Utaiona ukitoka Sachangwan kushuka Salgaa, gari limejaa, lori liko mbele na jingine nyuma. Wote tunaojua mteremko ule tunajua umechukua watu wangapi. Kwa hiyo kabla ya tairi kufungwa kwangu, navua magurudumu yote manne: pedi, diski, ngoma za nyuma, silinda, mipira. Mafuta ya breki yaliyokaa miaka yamenyonya unyevu, na unyevu huchemka kwenye mteremko mrefu, pedali ikaenda hadi sakafuni. Kuyabadilisha ni bei ndogo sana. Mteja akisema hana pesa za breki ila za tairi anazo, namwambia ahifadhi tairi stoo hadi mwezi ujao.

Tukiwa hapo hapo tunaangalia beringi, bol-jointi na ncha za fimbo za usukani. Kilichokuwa kimelegea kidogo kitalegea kabisa kikipewa tairi nzito.

"Tairi nene inabeba zaidi, naweza kuongeza mzigo"

Tairi inaweza kubeba, gari halijabadilika. Namba ya uzito iliyo ubavuni, kwa mfano 116, ina maana kilo 1,250 kwa tairi moja. Haikuambii lolote kuhusu chasisi, ekseli au breki. Magunia 20 ya viazi ya kilo 50 ni tani nzima, na kikomo chako ni kile kilichoandikwa na mtengenezaji wa gari. Upande wa pili, usinunue tairi yenye namba iliyo chini ya ile gari lilikuja nayo, hata ikiwa na sura ya simba.

"Rimu ni rimu"

Hapana. 285/75R16 inataka rimu ya inchi saba na nusu kwenda juu, na ile Prado ilikuja na rimu ya inchi saba. Rimu za chuma za Land Cruiser zinazovaa 7.50R16 ni inchi tano na nusu. Ukilazimisha tairi pana humo, linavimba katikati na kuliwa katikati. Speisa za kusukuma gurudumu nje nazikataa, kwa sababu zinaongeza mzigo kwenye beringi.

Kwa tairi za mitumba, tafuta namba nne za mwisho baada ya herufi DOT. 1519 maana yake ni wiki ya 15 ya mwaka 2019. Meno yanaweza kuwa mapya na mpira umeshazeeka. Ukipinda ubavu na kuona mistari midogo ya nyufa, irudishe.

Na ununue tano. Spea ya saizi ya zamani kwenye gari linalosukumwa na magurudumu yote inailazimisha difu kufanya kazi kila mita ya safari, na kwenye tope huwezi kuingiza fo-wili bila kuumiza kitu. Hakikisha ile ya tano inaingia mahali pake, kwani chini ya gari nyingi haitoshi. Mwisho, kabla hujatoka karakanani, inua gari kwa jeki yako mwenyewe hadi gurudumu liachane na sakafu. Mara nyingi jeki iliyokuja na gari haifiki. Nina vipande vya mti mgumu nyuma ya duka, vya kuweka chini ya jeki isizame kwenye udongo, na kila mteja wa tairi kubwa anaondoka na kimoja.