Jina Sahihi na Sahihi ya Mwenye Jina

Kwa miaka mingi nimekuwa nikiorodhesha vitabu katika maktaba, na sehemu ya kazi hii ambayo wasomaji hawaioni ni kuamua kila mtu wa historia ataingizwa kwenye orodha kwa jina gani. Uamuzi huo hauna budi kuwa mmoja, kwa sababu vitabu vinavyomhusu mtu mmoja vikitawanywa chini ya majina matatu, msomaji atavipata vya jina moja tu na kudhani kwamba vingine havipo. Ombi ninaloletewa mara nyingi kuliko mengine yote linahusu jina la kwanza: mtu amesoma mahali kwamba jina tulilolizoea si jina halisi la mhusika, naye anataka turekebishe. Ninayapima maombi hayo kwa makini, lakini mengi huyakataa, na ningependa kueleza sababu.

Mfano unaonisaidia zaidi ni wa Mozart, mtunzi wa muziki. Daftari la ubatizo la kanisa kuu la Salzburg, la tarehe 28 Januari 1756, linamtaja mtoto huyo kwa Kilatini kuwa Joannes Chrysostomus Wolfgangus Theophilus. Anayetafuta jina la kwanza kwa kuhesabu kuanzia kushoto atasema kwamba aliitwa Joannes, kumbe majina mawili ya mwanzo yalikuwa ya mtakatifu ambaye sikukuu yake iliangukia siku aliyozaliwa mtoto, yaani tarehe 27. Theophilus alilirithi kwa baba yake wa ubatizo. Jina aliloitwa nyumbani lilikuwa Wolfgang, ambalo kwenye daftari ni la tatu. Halafu Theophilus lenyewe, ambalo ni la Kigiriki na linaunganisha Mungu na upendo, halikutulia katika umbo moja: baba yake akiandika Kijerumani aliliweka kuwa Gottlieb, Mozart mwenyewe, alipokuwa kijana akizuru Italia, alijiandika Wolfgango Amadeo, na tangu mwaka 1777 hivi alishikilia Wolfgang Amadè. Amadeus, umbo ambalo dunia nzima inalijua, alilitumia kwa nadra na kwa mzaha, akiyapachika majina yake yote miisho ya Kilatini. Kwa hiyo anayeniomba nifute Amadeus niweke Theophilus ananiomba niliache jina la umaarufu na kushika jina la daftari, na katika kufanya hivyo tutakuwa tumeliruka lile ambalo mwenye jina aliliandika kwa mkono wake.

Katika Kiswahili neno sahihi lina maana mbili, kisicho na kosa na ile alama ambayo mtu huiweka chini ya barua yake, nami nimejifunza kuzisoma maana hizo pamoja. Jina lililo sahihi ninaanza kulitafuta kwenye sahihi ya mwenyewe. Daftari hueleza wazazi, padri au karani walitaka nini siku moja. Sahihi hueleza mtu alikubali kuwa nani kwa miaka mingi.

Tena makarani hukosea. Rais wa 18 wa Marekani alizaliwa mwaka 1822 akapewa jina la Hiram Ulysses Grant. Mwaka 1839 mbunge aliyempendekeza kuingia chuo cha kijeshi cha West Point alimwandika Ulysses S. Grant, na jitihada za kijana huyo za kurekebisha kosa hazikufua dafu. Herufi S haikuwakilisha neno lolote. Hata hivyo aliipokea, akaiweka katika sahihi yake akiwa jenerali na kisha rais, na kwa sababu hiyo ninaiandika bila wasiwasi, ingawa chanzo chake ni kosa. Wengine waliofika cheo hicho hicho waliliacha tu jina la mwanzo: Stephen Grover Cleveland, Thomas Woodrow Wilson na John Calvin Coolidge wote wanajulikana kwa jina la pili, kwa hiari yao wenyewe.

Sahihi nayo inaweza kumpoteza msomaji mwenye haraka. Vladimir Ilyich Ulyanov, kiongozi wa mapinduzi ya Urusi, alitia sahihi maandishi yake mengi kwa N. Lenin, na magazeti ya nje ya Urusi yakaijaza ile N yenyewe, yakamwita Nikolai. Bado ninakutana na vitabu vya zamani vyenye jina hilo, na huwa ninaweka kielekezi kimoja kutoka Nikolai kwenda Vladimir, kwa kuwa msomaji aliyekishika kitabu hicho hana kosa.

Mkanganyiko mkubwa zaidi huzaliwa pale tunapodhani kwamba kila jina lina la kwanza na la mwisho. Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa wa zama za kati, hakuitwa kwa jina na ukoo. Maana ya Ibn Sina ni mwana wa Sina, naye Sina alikuwa babu wa mbali, kwani baba yake hasa aliitwa Abdallah. Jina alilopewa lilikuwa Husayn, na Abu Ali ni lakabu ya heshima. Programu za kompyuta zinazodai kijisanduku cha jina la kwanza humsajili kama mtu aitwaye Ibn, jambo ambalo hunisikitisha kila ninapoliona. Katika Mao Zedong, Mao ndio ukoo. Confucius, jina la mwanafalsafa wa kale wa China, ni Kilatini cha Kong Fuzi, yaani Mwalimu Kong, kwa hiyo ndani yake hamna jina la kupewa hata kidogo; hilo lilikuwa Qiu. Kwa Warumi jina la kwanza lilikuwepo lakini halikumtofautisha mtu sana: Gaius Julius Caesar alikuwa na baba aliyeitwa vivyo hivyo, na dada zake wote wawili waliitwa Julia.

Yapo pia majina ambayo mtu aliyatengeneza kwa kujua anachofanya. Kamau wa Ngengi alipobatizwa mwaka 1914 aliomba aitwe John Peter. Akaambiwa achague moja, naye, kwa kuwa Petro maana yake ni jiwe, akayaunganisha yote mawili kwa Kiingereza yakawa Johnstone. Kitabu chake cha mwaka 1938 kilitoka kikiwa na jina la Jomo Kenyatta. Mtu akiniuliza jina lake halisi lilikuwa lipi kati ya Kamau, Johnstone na Jomo, ninamjibu kwa kumuuliza anazungumzia mwaka gani. Yote yalikuwa yake, kila moja kwa wakati wake. Orodha inamweka chini ya Jomo, jina alilolichagua na kudumu nalo, na hayo mengine yanaelekeza huko.

Shahidi ninayemheshimu kuliko wote ni msichana aliyeulizwa swali hili mahakamani. Mwezi Februari 1431, mjini Rouen, majaji walimtaka Jeanne d'Arc, aliyeongoza askari wa Ufaransa vitani, ataje jina lake. Alijibu kwamba kwao walimwita Jeannette, na tangu alipokuja Ufaransa wakamwita Jeanne. Kuhusu jina la ukoo alisema hajui lolote. Hakujua kusoma wala kuandika vizuri, lakini barua chache zilizosalia zina jina moja lililoandikwa kwa herufi za kusitasita, Jehanne, ambalo ni Jeanne kwa tahajia ya zama zake. Kwenye orodha nimemweka chini ya Jeanne, kwa kufuata kauli yake na mkono wake.