Postikadi ya kale si picha ya kale

Kijana alinitandazia kadi kumi na mbili juu ya kanga, kwenye uchochoro mmoja wa Mji Mkongwe, Unguja. "Hizi ni postikadi za kale, mama. Orijino kabisa. Hii ya Forodhani ni ya mwaka 1890." Niliichukua, nikaigeuza. Nyuma kulikuwa kweupe pe: hakuna mstari, hakuna neno, hakuna kisanduku cha kubandikia stempu. Karatasi ilinuka chai.

Kijana hakuwa mwongo. Picha ile kweli ni ya karne ya kumi na tisa, na yeye aliamini anachokisema kwa sababu ndivyo alivyoambiwa na aliyemuuzia. Lakini neno hili, postikadi ya kale, nimelisikia likitumiwa vibaya mara nyingi mno sasa, na watu wazima na vijana, wauzaji na wanunuzi, hata na waandaaji wa maonyesho ambao kazi yao ni kuyajua mambo haya. Nimeona ni vizuri niliandike.

Postikadi ni kadi iliyotengenezwa ili ipite posta ikiwa wazi, bila bahasha. Postikadi ya mandhari ni ile yenye picha ya mahali. Postikadi ya kale ni ile ambayo kadi yenyewe, karatasi na wino wake, ni ya zamani. Maana ni hiyo, haina zaidi. Matatizo yote yanatokana na kulisahau neno moja kati ya hayo.

Tuanze na neno postikadi lenyewe, maana lina hadithi nzuri kuliko watu wanavyodhani. Nusu yake ya kwanza ilianzia kwenye Kilatini, posita, yaani kilichowekwa. Vilivyowekwa vilikuwa vituo vya njiani ambako tarishi alibadilisha farasi ili barua isilale. Nusu ya pili, kadi, tumeipata kwa Waingereza, walioipata kwa Wafaransa, nao wakaitoa kwenye Kilatini charta, kutoka Kigiriki khartes, yaani ukurasa wa mafunjo. Sasa sikiliza. Neno hilo hilo la Kigiriki lilipita njia nyingine, likaingia Kiarabu likawa qirtas, likavuka bahari na majahazi likafika kwetu likiwa karatasi. Na kabla Mwingereza hajafika, Mreno alikuwa ameshatuletea carta, ndiyo karata tunayocheza barazani hadi leo. Kwa hiyo karatasi, karata na kadi ni ndugu watatu wa tumbo moja, waliofika pwani hii kwa vyombo vitatu tofauti, katika zama tatu tofauti. Kila nikishika kadi ya zamani ya bandari ya Unguja, yenye majahazi yaliyotia nanga, huwa nawakumbuka ndugu hao.

Umeona kwamba katika safari yote hiyo neno "picha" halikutajwa popote? Postikadi ni posta na kadi. Picha ilikuja baadaye, kama mgeni. Kadi ya kwanza kutolewa na posta ya serikali ilitoka Austria-Hungaria tarehe 1 Oktoba 1869, baada ya mwalimu wa uchumi, Emanuel Herrmann, kuandika gazetini kwamba watu wanapoteza karatasi, bahasha na fedha kwa salamu za mistari miwili. Kadi ile haikuwa na picha yoyote. Ilikuwa kipande cha karatasi ngumu kilichochapwa stempu tayari, upande mmoja anwani, upande wa pili maneno. Uingereza ikafuata mwaka mmoja baadaye, nayo pia bila picha. Waingereza hawakuruhusiwa kutuma kadi za picha zilizochapwa na watu binafsi, zenye stempu ya kubandika, hadi mwaka 1894.

Kwa hiyo kadi tupu ya serikali, isiyo na hata ua moja, ni postikadi kamili. Na picha nzuri mno iliyopigwa Unguja miaka ya 1880 na studio ya A. C. Gomes, ikabandikwa juu ya kibao cha karatasi ngumu chenye jina la studio kwa chini, si postikadi. Ni picha ya studio. Huenda ikawa na thamani kubwa kuliko postikadi yoyote utakayoiona maishani mwako, lakini haikutengenezwa ili ipite posta, na kuiita postikadi ni kuipotezea jina lake.

Mandhari nalo niliguse kidogo. Wengi wanadhani mandhari ni miti, milima na machweo. Neno linatoka kwenye shina la Kiarabu la kutazama, shina lile lile lililotupa nadharia. Mandhari ni kinachotazamwa. Mtaa ni mandhari, soko ni mandhari, na vile vigari vya Mombasa vilivyokuwa vikisukumwa na watu juu ya reli nyembamba ni mandhari. Kwa mkusanyaji, kadi ya mtaa uliobadilika ina uzito kuliko kadi ya minazi na bahari, kwa sababu minazi na bahari havitaji mwaka.

Sasa nifike penye kidonda. Kale.

Kiswahili kimetupa maneno ya kutosha kwa jambo hili, na kila moja lina kazi yake. Kuukuu ni hali: nguo kuukuu, mkeka mkuukuu, kitu kilichochakaa. Kongwe ni umri wa kitu ambacho bado kiko hai: Mji Mkongwe, mwalimu mkongwe. Kale ni wakati. Kitu cha kale kinaweza kisiwe kuukuu hata kidogo. Postikadi za kale zilizo bora kuliko zote nilizowahi kushika zilikaa miaka mia moja ndani ya albamu huko Ulaya, na pembe zake bado ni kali kana kwamba zimekatwa jana. Na kitu kinaweza kuwa kuukuu bila kuwa cha kale: chukua karatasi mpya, ichovye kwenye chai, ikunje pembe, ianike juani, na kufikia adhuhuri umepata kadi kuukuu. Anayenunua uchakavu akidhani ananunua umri, anadanganywa na macho yake mwenyewe. Kuukuu inatengenezeka. Kale haitengenezeki.

Kuna kosa jingine ambalo hata watu makini hulifanya. Postikadi moja ina miaka mitatu ndani yake: mwaka picha ilipopigwa, mwaka kadi ilipochapwa, na mwaka ilipotumwa. Ikiwa haikutumwa, basi miwili. Tunapouliza kama kadi ni ya kale tunauliza juu ya mwaka wa pili.

Chukua Beit al-Ajaib. Jumba lilijengwa mwaka 1883, zama za Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar. Mbele yake ulikuwapo mnara wa taa uliosimama peke yake. Tarehe 27 Agosti 1896 mizinga ya manowari za Waingereza iliupiga, na baada ya hapo jumba likajengewa mnara wake wa saa mbele. Basi picha yenye mnara wa taa mbele ya jumba ni ya kabla ya siku ile. Picha, nasema, si kadi. Mpigapicha alihifadhi sahani zake za kioo, ambazo picha zilisafishwa kutoka kwazo, na kadi za picha zilipoanza kupata soko Unguja mwishoni mwa miaka ya 1890, alitoa picha za nyuma akazichapisha. Unaweza kuwa na mandhari ya kabla ya mizinga, kwenye kadi iliyochapwa baada ya mizinga, yenye muhuri wa posta wa miaka kumi baadaye. Yote matatu ni kweli, na kila moja linajibu swali lake. Na nakala iliyochapwa mwaka jana kutoka intaneti nayo itauonyesha mnara ule ule. Picha haiwezi kukutofautishia.

Ndiyo maana wanaoijua kazi hii, ukiwapa kadi, huigeuza kabla hata hawajaitazama picha.

Mgongo wa kadi una mengi ya kusema. Hapo mwanzo upande wote wa nyuma ulikuwa wa anwani tu, kwa amri ya posta. Mwenye salamu aliziandika mbele, kwenye ukingo mweupe wa picha, au juu ya anga lenyewe, ndiyo maana utakuta mbingu ya Dar es Salaam imejaa maandishi ya wino. Kisha Uingereza iliruhusu mgongo ugawanywe kwa mstari, nusu salamu na nusu anwani, mwaka 1902. Ujerumani ikafuata mwaka 1905, Marekani mwaka 1907. Kadi zetu zilifuata mkondo huo, ingawa wenye maduka waliendelea kuuza akiba ya zamani hadi ikaisha. Mgongo usio na mstari ni dalili nzuri. Mgongo usio na kitu chochote kabisa ni dalili mbaya sana.

Halafu stempu. Nyaraka chache zinaisimulia historia yetu kama zile stempu ndogo zilizobaki nyuma ya kadi. Unguja ilianza mwaka 1895 na stempu za India zilizopigwa chapa ya jina la Zanzibar juu yake. Thamani zikahesabiwa kwa ana, sarafu ya India, hadi mwaka 1908 zilipoingia senti. Bara, chini ya Wajerumani, stempu zilisomwa kwa sarafu iliyoitwa pesa, na kuanzia mwaka 1905 kwa iliyoitwa heller. Baada ya Vita vya Kwanza zikaja za Waingereza, na mwaka 1922 akatokea twiga wa Tanganyika. Hata majina ya miji husaidia: kadi inayosema Wilhelmstal inakuonyesha Lushoto, na inayosema Bismarckburg inakuonyesha Kasanga. Kwa hiyo naomba sana, kwa moyo wote, anayepata kadi ya babu yake asiibandue stempu ili kuiuza peke yake. Stempu, muhuri na kadi vikitenganishwa havirudi tena kuwa ushahidi.

Kuna wanaopenda kadi safi ambazo hazikutumwa. Nawaelewa, na kadi isiyotumwa ni postikadi vile vile, ilimradi ilitengenezwa kwa ajili hiyo. Mimi huchagua iliyosafiri.

Ukitaka kuhakikisha zaidi, azima lenzi ndogo ya sonara. Kadi nyingi za mwanzo wa karne ya ishirini huonyesha ama punje zisizo na mpangilio, au, ikiwa ni picha halisi iliyosafishwa kwenye karatasi ya picha yenye mgongo wa postikadi, vivuli vinavyofifia bila nukta zozote. Kadi ya kisasa inakuonyesha nukta za buluu, nyekundu, manjano na nyeusi zilizopangwa kama vijiua. Usitishwe na kadi ya kale yenye rangi, kwa maana picha zilipigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe na kadi nyingi zikachapwa Ujerumani, ambako mafundi wasiowahi kuiona pwani yetu walizitia rangi walizoziona zinafaa. Pia ile taa ya zambarau ya kukagulia noti hufaa: karatasi nyingi zilizotengenezwa tangu miaka ya 1950 zina kemikali ya weupe inayong'aa chini yake. Ya mwaka 1905 haing'ai.

Majina ya wapigapicha na wachapishaji ya kuyatafuta kwenye kingo na migongo yapo. Kwa Unguja ni Gomes, Coutinho Brothers na Pereira de Lord. Kwa Dar es Salaam ya Wajerumani ni Vincenti na Dobbertin. Jina peke yake halithibitishi lolote, kwa sababu anayenakili picha hunakili na jina. Lakini jina, mgongo, karatasi na chapa vikikubaliana, umeshika kitu cha kale.

Nilimweleza kijana haya yote, kwa ufupi kuliko nilivyoyaandika hapa. Alisikiliza kwa adabu, kisha akauliza swali la haki: "Sasa mama, hizi niziiteje? Nikisema ni mpya, nani atanunua?"

Nilinunua mimi. Nilichagua ile ya Beit al-Ajaib yenye mnara wa saa, maana mnara ule ulianguka na sehemu ya mbele ya jumba tarehe 25 Desemba 2020, na wajukuu zangu hawataujua isipokuwa kwenye picha. Kwa kazi hiyo nakala inanitosha, na nililipa bei ya nakala bila kuona nimepunjwa. Nikamwambia aseme hivyo hivyo: picha ya kale, nakala mpya. Mgeni anayetaka kumbukumbu ya Unguja atainunua, na anayetafuta kadi ya mwaka 1905 hatarudi kesho yake na hasira.

Alikuwa na kalamu ya wino mkononi. Nikamzuia, wino huvuka upande wa pili, nikampa penseli yangu. Akaigeuza ile ya Forodhani na kuandika "nakala" pembeni chini, taratibu, bila kuikandamiza karatasi.