Kizza na Akello ni jina moja

Ninafundisha watoto wadogo Walukuba, hapa Jinja, Uganda, mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi tangu enzi za mkoloni. Msoga amepakana na Mwacholi, Mgisu na Mteso, na barazani wanaelewana kwa Kiswahili. Wazazi huniuliza: nimfunze mwanangu mambo ya kwetu kwanza, au ya majirani? Huwa nawaambia waanze na jina lake.

Muhula huu niliwatuma watoto wakaulize nyumbani maana ya majina yao. Kizza, mtoto wa Kisoga, akarudi na jibu: "Nilizaliwa baada ya mapacha." Akello, ambaye kwao ni Gulu, akaruka kitini: "Hata mimi! Mama amesema hivyo hivyo!" Ni kweli. Kizza wa huku na Akello wa Kiacholi (mvulana ni Okello) wote ni mtoto aliyefuata mapacha. Papo hapo darasa likataka kujua mapacha wenyewe huitwaje, nikajaza ubao: Babirye na Nakato wa huku, Opio na Ocen wa Kiacholi. Sikuhitaji kuwahubiria habari ya kuheshimiana.

Aliyenitia wasiwasi ni Wafula. Yeye alirudi mikono mitupu. "Baba amesema ni jina tu." Akakaa kimya wenzake wakilinganisha yao. Mtoto asiye na cha kwake hana cha kulinganisha, na mara nyingi huyo ndiye anayeanza kucheka vya wenzake.

Simlaumu baba yake. Kizazi chetu kilifunzwa aibu: mimi mwenyewe shuleni nilivishwa kipande cha mbao shingoni kwa kuongea Kisoga. Mtaala ulioanza mwaka 2007 unataka darasa la kwanza hadi la tatu wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, lakini mjini, lugha zinapochanganyika, shule nyingi hukimbilia Kiingereza. Kazi hiyo basi inabaki nyumbani. Siku ya utamaduni, ya ngoma na mavazi mara moja kwa mwaka, haiwezi kuibeba.

Nilimwomba mama yake Wafula ampigie simu bibi aliyeko Mbale. Jumatatu mtoto alinisubiri mlangoni. Wafula ni aliyezaliwa wakati wa mvua. Kabla sijamjibu akauliza:

"Mwalimu, na Waacholi wana jina la mvua?"

Nikampa chaki aandike mwenyewe: Okot.