Enter moja, hatua mbili: kutengeneza dibaga ya mizani ya maziwa

Dibaga, yaani programu za kufuatilia na kutafuta makosa ndani ya programu nyingine, nyingi zina tabia hii: ukibonyeza Enter bila kuandika chochote, zinarudia amri uliyotoa mwisho. GDB, ambayo Richard Stallman aliianza mwaka 1986, hufanya hivyo. Hata pdb, dibaga ya lugha ya Python, hufanya hivyo. Anayefuatilia programu hatua kwa hatua huipenda sana tabia hii, maana anaandika `step` mara moja, kisha kidole kinabaki kwenye Enter. Mimi pia naipenda. Ila kwenye dibaga ninayoitunza, tabia hiyo hiyo ilifuta ukurasa wa kumbukumbu ambao hakuna aliyeagiza ufutwe, na humu nataka kueleza ilivyotokea na jinsi ilivyotengenezwa.

Ninafanya kazi Nakuru, kwenye programu inayokaa ndani ya mizani za kupimia maziwa. Ukienda upande wa Njoro, Molo au Subukia asubuhi na mapema, utawakuta wakulima wamepanga mitungi kwenye kituo cha kukusanyia maziwa, karani anapima, kilo zinaingia kwenye rekodi. Lita moja ya maziwa ina uzito wa takriban kilo 1.03, kwa hiyo hata hesabu ya kugeuza kilo kuwa lita ni jambo la kubishaniwa pale foleni. Mwisho wa mwezi namba hizo ndizo pesa. Mizani ikikosea, hakuna anayemlaumu aliyeandika programu. Analaumiwa karani aliye mbele ya watu.

Ndani ya mizani mna mikrokontrola (kompyuta ndogo ya chipu moja) ya STM32F103, yenye kiini cha Cortex-M3 na kilobaiti 64 za flashi, yaani kumbukumbu inayobaki hata umeme ukikatika. Sanduku lenyewe limefungwa kwa sili, kwa sababu mizani ya biashara lazima ikaguliwe na kupigwa mhuri kisheria, na fundi hawezi kuipasua kila anapotaka kuchomeka kifaa kwenye ubao. Anachofikia ni tundu moja la waya wa serial, unaopitisha data biti moja baada ya nyingine. Ndiyo maana dibaga yetu inaishi ndani ya mizani yenyewe. Cortex-M3 inaruhusu jambo hilo: kuna biti iitwayo MON_STEP ambayo ukiiwasha, kichakataji kinatekeleza agizo moja la programu, kinajikatiza, kinarudi kwenye msimbo wa dibaga. Fundi anaandika amri kwenye laptopu, dibaga inajibu kwa maandishi. Hakuna madirisha wala rangi.

Malalamiko ya kwanza yalitoka kwa fundi aliyekuwa akijaribu mizani kwenye karakana yetu. "Injinia, nikibonyeza mara moja inaruka hatua mbili," akaniambia. "Lakini kwa laptopu yako hairuki." Nilipoitazama skrini yake, ilikuwa hivi:

```
> step
0x08001A34
> 0x08001A36
>
```

Alama ya `>` ndiyo dibaga ikisema iko tayari kupokea amri. Tazama mstari wa tatu. Dibaga ilikwisha kusema iko tayari, kisha ikatoa anwani nyingine (mahali programu ilipofika kwenye kumbukumbu) bila kuulizwa na mtu. Hapo tayari unajua kwamba `step` yenyewe haina shida. Kama ingekuwa inaruka maagizo mawili kwa pamoja, ungeona anwani moja tu, ile ya mwisho. Hapa amri imetekelezwa mara mbili, kila moja kwa ukamilifu wake. Swali likawa nani aliyetoa ile ya pili.

Katika matatizo ya namna hii huwa siangalii msimbo kwanza. Naangalia baiti. Nilichomeka waya wa pili wa kusikiliza kilichokuwa kikitoka kwenye laptopu ya fundi, na alipoandika `step` na kubonyeza Enter zilipita hizi:

```
73 74 65 70 0D 0A
```

Nne za kwanza ni herufi s, t, e, p. Kisha 0D, yaani CR, halafu 0A, yaani LF. Ni mabaki ya zama za mashine za teletaipu: CR ilirudisha kichwa cha kuchapia mwanzo wa mstari, LF ikasogeza karatasi. Windows ilibaki na zote mbili kwenye faili zake, Linux ikachukua LF peke yake. Kwenye waya wa serial mambo hutegemea programu unayotumia. Minicom, programu ya serial niliyozoea mimi, hutuma CR tu ukibonyeza Enter. Fundi alikuwa anatumia dirisha la serial la Arduino IDE, ambalo lina menyu ya kuchagua: usitume kitu, tuma LF, tuma CR, au tuma zote mbili. Yeye alichagua zote mbili, na ana haki ya kuchagua hivyo.

Dibaga ilikuwa inakubali CR kama mwisho wa mstari, na inakubali LF pia kama mwisho wa mstari. Aliyeiandika alitaka kumridhisha kila mtu. CR ilipofika, mstari ukafungwa na `step` ikatekelezwa. LF ilipofika, mstari mwingine ukafungwa, mtupu. Na mstari mtupu maana yake ni rudia. Dibaga ikawa kama mama wa kibanda anayekuongezea kikombe cha chai kila ukikohoa.

Kuruka hatua ni usumbufu tu. Hasara ilikuja na `erase`.

Flashi ya mikrokontrola hii imegawanywa kurasa za kilobaiti moja moja, kuanzia 0 hadi 63. Kurasa chache za mwisho tunaweka rekodi za matukio, na ukurasa wa 63, unaoanza kwenye anwani 0x0800FC00, una namba za kusawazisha mizani: sifuri yake iko wapi na kila kilo ni vipimo vingapi vya kihisi. Fundi alitoa amri ya `erase 62` ili kusafisha rekodi za zamani. Kama ile LF ingerudia `erase 62` ileile, kusingekuwa na neno. Ukurasa uliofutwa ungefutwa tena, na kilichopotea ni mzunguko mmoja kati ya takriban 10,000 ambayo kila ukurasa umehakikishiwa kuvumilia.

Lakini dibaga iliiga jambo zuri kutoka GDB. Kule, amri za `list` (kuonyesha msimbo) na `x` (kusoma kumbukumbu) hazirudiwi neno kwa neno. Ukionyeshwa mistari kumi kisha ubonyeze Enter, unaonyeshwa kumi inayofuata, si ileile. Dibaga yetu ina `dump` ya kusoma kumbukumbu, na ilipewa tabia hiyo: Enter inakupeleka mbele. Kwa kuwa `erase` nayo hupokea namba ya ukurasa, ilitiwa kwenye kapu moja na `dump`. Basi LF ikafika, dibaga ikasoma "endelea mbele", ikafuta ukurasa wa 63.

Flashi ikifutwa biti zote huwa 1, yaani kila baiti ni FF. Baiti nne za FF ukizisoma kama namba ya desimali ya biti 32, hupati kubwa wala ndogo, unapata kitu ambacho si namba kabisa. Mizani ikawashwa, na pale penye kilo pakaandikwa `nan`. Bahati ni kwamba ilikuwa mezani. Ingekuwa kituoni, kurudisha namba za zamani kusingetosha. Ingebidi ipimwe upya kwa mawe ya kupimia na kupigwa mhuri tena, na huku mitungi inangoja.

Sasa marekebisho. Wengi huanza na njia tatu, na zote zina shida.

Ya kwanza ni kupuuza LF moja kwa moja. Itamponya fundi wetu na kumuua mwenzake aliyechagua LF peke yake, pamoja na kila hati fupi ya Linux inayotuma amri kwenye waya. Mistari yao haitafungwa kamwe.

Ya pili ni kumwaga kila kilichobaki kwenye bafa, yaani pale herufi zilizofika zinapongoja kusomwa, mara amri inapokwisha. Inaonekana ya busara mpaka upige hesabu. Kwenye kasi ya biti 9600 kwa sekunde, herufi moja huchukua biti kumi, yaani takriban milisekunde moja kufika. `step` inakwisha kabla ya hapo. Unamwaga bafa tupu, kisha LF inaingia taratibu na mambo ni yaleyale. Ya tatu ni kusubiri kidogo ndipo umwage, na hiyo inafanya kazi vizuri sana hadi mtu abandike amri tano kwa mpigo. Nne zitamwagwa.

Kinachofaa ni kukumbuka herufi iliyotangulia, na kuipuuza LF pale tu inapofuata CR:

```
static char iliyopita;

void pokea(char c)
{
    char kabla = iliyopita;
    iliyopita = c;
    if (c == '\n' && kabla == '\r')
        return;
    if (c == '\r' || c == '\n')
        funga_mstari();
    else
        ongeza(c);
}
```

Neno `static` pale juu ndilo linalobeba mzigo. `pokea` inaitwa kwa kila herufi, na kati ya CR na LF amri nzima inatekelezwa. Ukiweka kumbukumbu hiyo ndani ya kitanzi kinachoanza upya kila mstari, CR itasahaulika kabla LF haijafika. Na angalia kwamba `iliyopita` inaandikwa kabla ya `funga_mstari`, si baada yake. Kuna amri ambazo hazirudi: `reset` inawasha mashine upya, na amri iliyogusa anwani mbaya inarushwa moja kwa moja hadi kwenye `>`. Chochote ulichopanga kufanya "baadaye" hakitafanyika.

Ningeweza kuishia hapo, na mwenzangu mmoja alitaka tuishie hapo. Mimi nilikataa. CR na LF zilifichua tu kwamba `erase` inaweza kurudiwa na kidole kizembe. Paka akikanyaga kibodi matokeo ni yaleyale.

Mwongozo wa GDB unasema wazi kwamba amri kama `run` hazirudiwi kwa Enter, kwa sababu kuzirudia bila kukusudia kunaweza kuleta matatizo na ni nadra mtu kutaka kuzirudia. Kuna hata `dont-repeat` kwa ajili ya amri unazojitungia mwenyewe. Kwa hiyo kwenye jedwali letu la amri niliongeza safu moja yenye thamani tatu. `step` na `next` zinarudiwa zilivyo. `dump` na `list` zinaendelea mbele. `erase`, `write` na `reset` hazirudiwi. Amri mpya isiyotaja chochote huhesabiwa kuwa hairudiwi. Anayetaka irudiwe aandike hivyo mwenyewe.

Hapa kuna mtego ambao nimeuona kwenye zana zaidi ya moja. Ukisema `erase` hairudiwi, mtu hufikiri inatosha kutoihifadhi kama amri ya mwisho. Sivyo. Fundi ametoa `step`, kisha `erase 62`, kisha Enter. Kama hukuhifadhi `erase`, amri ya mwisho bado ni `step`, na Enter itasogeza programu mbele wakati yeye ameshasahau alikuwa akitembea. Lazima kumbukumbu ifutwe kabisa, Enter isifanye lolote, na ifutwe kabla amri haijaanza kutekelezwa, kwa sababu ileile niliyotaja juu. Niliamua pia kwamba amri isiyojulikana nayo inafuta kumbukumbu. Aliyeandika `stpe` hajui aliko, na si wakati wa kumsaidia kwa kubahatisha.

Wanaojenga zana zao kwa moduli ya `cmd` ya Python, chungulieni `emptyline`. Msipoiandika upya, inarudia amri ya mwisho isiyo tupu, hata kama zana yenu inatuma pesa au inafuta jedwali.

Faili za amri nazo zilihitaji uamuzi. Mafundi hutumia faili fupi za kupima mizani mpya, na watu huacha mistari mitupu ili faili isomeke. GDB inatofautisha: mstari mtupu ndani ya faili haufanyi kitu, na kurudia ni kwa anayechapa kwa mkono tu. Dibaga yetu haina namna ya kujua kama ni mtu au ni faili, kwani yote ni baiti za waya mmoja. Nikaongeza amri ya `faili` inayozima kurudia hadi `mwisho` itakapoonekana. Si nzuri sana kimaumbile, lakini inaeleweka kwa sentensi moja ya simu.

Kupima nilifanya bila mizani. Msimbo wa kupokea herufi unajengwa vizuri kwenye laptopu, kwa hiyo niliulisha mpangilio wa baiti nikahesabu amri zilizotekelezwa: CR peke yake, LF peke yake, CR na LF, CR na LF zikifuatwa na LF nyingine, ambayo ni Enter tupu ya kweli na lazima irudie. Kisha mipangilio hiyohiyo ikikatwa katikati, CR ikifika kwenye kifurushi kimoja cha USB na LF kwenye kingine.

Vifupisho bado havijakaa sawa. Dibaga inakubali herufi chache za mwanzo na kuchukua amri ya kwanza inayolingana kwenye jedwali, na kwa kuwa jedwali limepangwa kialfabeti, `e` inamaanisha `endelea` leo, ila siku mtu akiongeza amri inayoanza na `ea` au `eb` itahamia huko bila kusema. GDB hukataa kifupisho chenye utata, isipokuwa vichache vilivyotengwa rasmi, kama `s` ambayo ni `step` daima. Nitafuata mtindo huo kwenye toleo lijalo. Kwa sasa nimefunga mlango mmoja tu: `erase` haikubali kifupisho chochote, na bila namba ya ukurasa haifuti kitu.