Je, pembetatu kubwa ina digrii nyingi kuliko ndogo?

Chora pembetatu ndogo daftarini. Kisha fikiria nyingine inayounganisha Karen, Kasarani na Embakasi jijini Nairobi kwa mistari mitatu iliyonyooka. Ukijumlisha pembe tatu za kila moja, ipi itazidi? Ni rahisi kuichagua ile ya mjini, maana pande zake ni kilomita kadhaa. Lakini kwa kipimo chochote cha shuleni, zote mbili zina digrii 180.

Kosa huanzia kwenye kudhani kwamba pembe hukua pamoja na pande zake. Pembe ni kiasi cha kugeuka kutoka upande mmoja hadi mwingine, basi. Kata chapati ndogo na chapati kubwa, kila moja vipande vinne sawa: anayepewa kipande kikubwa anapata chakula zaidi, lakini ncha ya kila kipande ni digrii 90. Ndiyo maana mistari isipofika kwenye namba za kipimapembe unaruhusiwa kuirefusha kwa rula. Kipimo hakibadiliki hata kidogo.

Kwa nini basi iwe 180, wala si 170 au 200? Chukua penseli na pembetatu yenye kona A kushoto, B kulia na C juu. Laza penseli kwenye upande wa AB, kitako kikiwa A na ncha ikielekea B. Izungushe kwenye A mpaka ilale juu ya AC. Itelezeshe hadi ncha iguse C, kisha shikilia ncha hapo na uzungushe kitako mpaka penseli ilale juu ya CB. Iteremshe hadi kitako kifike B, uizungushe mara ya mwisho irudi kwenye BA. Kila mara umegeuza upande uleule, na sasa ncha inaelekea kushoto. Penseli imegeuka nusu duara, yaani digrii 180, na kuteleza hakukuongeza chochote. Urefu wa pande uliingia kwenye kuteleza tu, kwa hiyo haukuhesabiwa.

Hilo linaonyesha, ila si uthibitisho kamili. Uthibitisho aliouandika Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, karibu mwaka 300 KK, unategemea mistari sambamba.

Pembe iliyofichwa sasa haina shida: zikiwepo 65 na 48, toa 113 kwenye 180, ubaki na 67. Uangalifu unahitajika pembetatu ikiwa na pande mbili sawa na umepewa pembe moja tu, tuseme 40. Ikiwa ndiyo iliyo kati ya pande hizo sawa, zilizobaki ni 70 na 70. Ikiwa ni mojawapo ya zile mbili zinazolingana, zilizobaki ni 40 na 100. Swali lisiloeleza 40 iko wapi lina majibu mawili, na yote ni sahihi.

Yote haya ni ya uso bapa, na dunia ni tufe. Ondoka Nanyuki, kwenye ikweta, uende kaskazini moja kwa moja hadi Ncha ya Kaskazini. Geuka digrii 90, ushuke hadi ikweta tena, utokee Brazili. Geuka 90 nyingine, ufuate ikweta kuelekea mashariki mpaka Nanyuki. Kila kona ya pembetatu hiyo ni digrii 90, na jumla ni 270! Juu ya uso uliopinda, penseli iliyotelezeshwa bila kugeuzwa ikizunguka na kurudi ilipoanzia huwa imebadili mwelekeo. Hapo ndipo ukubwa unapohesabiwa kweli, kwa sababu ziada juu ya 180 hukua sambamba na eneo la pembetatu. Kaunti ya Nairobi ina kilomita za mraba 696 hivi. Pembetatu yenye eneo hilo ingezidisha takriban sehemu moja ya elfu ya digrii, na kipimapembe cha mwanafunzi huishia kwenye digrii nzima.